Sauti Iliyopokea Simu

Inspekta hakuwa mtu wa haraka, na jina la Kobe walilompachika wenzake kazini halikumuudhi hata kidogo. Kilichomuudhi asubuhi ile ni kusubirishwa. Alisimama mapokezi ya kituo cha simu za dharura, kofia kwapani, huku mlinzi akikigeuzageuza kitambulisho chake kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Ni mimi huyo," Kobe akasema. "Nimenenepa kidogo tu."

"Naona, mzee," mlinzi akajibu, na bado hakumpisha.

Nje, ndani ya gari la polisi, alikuwa amemwacha mwalimu. Huyu mwalimu ni dada mkubwa wa fundi cherehani aliyepotea, na tangu mdogo wake atoweke hakumpa Inspekta nafasi ya kupumua. Kobe alimwambia abaki nyumbani, angepigiwa. Mwalimu akamtazama jinsi anavyowatazama watoto wasiofanya kazi ya nyumbani. "Kaka, mimi sikai kuangalia ukuta," akasema, akafungua mlango wa gari mwenyewe, akaketi.

Na habari yenyewe ilikuwa fupi mno. Fundi alitoka na futi yake ya kupimia ndani ya mkoba, akaaga kwamba anakwenda kwa mteja mpya anayetaka mapazia. Kwa nani, wapi, hakusema, na nani huaga kwa anwani kamili anapokwenda kupima madirisha? Hakurudi. Kampuni ya simu ikatoa kile ilichokuwa nacho: simu yake ya mwisho aliipiga kwenye namba ya dharura, ilikuwa simu ndefu, na ilipitia mnara wa upande wa maghala. Baada ya hapo simu ikazimwa.

Jamani, mnara! Mnara ule unahudumia maghala, yadi za mbao, karakana, na nyumba za wapangaji zilizobanana hadi mtoni. Tangu jana askari walikuwa wanabisha hodi huko mpaka vidole vinawauma, na walichopata ni kufukuzwa na mbwa. Lakini Kobe hakuwa amekata tamaa. Mtu aliyepiga dharura, tena akazungumza muda mrefu, si lazima amesema alipo? Kilichobaki ni kwenda kusikiliza. Ndiyo maana mlinzi alipomrudishia kitambulisho, Kobe alipanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo wenzake wangelipia kuliona.

Chumba cha juu kilikuwa na meza zilizopangwa kama darasa, na kila meza mtu amevaa vipokea sauti kichwani. Msimamizi alikuwa mama mmoja mpana, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, anaongea huku anatembea.

"Kabla hujaniuliza, Inspekta, nikueleze kitu. Sisi hapa ni mlango tu. Mtu anapiga, tunamwuliza anataka nani: polisi, zimamoto au gari la wagonjwa. Akishasema, tunampeleka kunakohusika. Kisa chake hatukiulizi."

"Hata alipo hamumwulizi?"

"Nikikaa kumwuliza huyu alipo, wa nyuma yake anateketea na nyumba yake. Mkoa wa jirani wana kituo cha pamoja. Anayepokea simu na anayetuma gari wako chumba kimoja, wanapigiana kelele tu juu ya meza, gari linatoka huku mtu bado anaeleza. Hao ndio wanaouliza yote. Sisi tunapokea na kukabidhi."

"Mnakabidhije?"

Hapo mama akasimama, akavaa miwani. Ilionekana ni swali alilolipenda. "Mpokeaji wangu haachii laini mpaka asikie kwa masikio yake kwamba mtu wa upande wa pili amejibu. Hiyo kwangu haivunjwi. Mtu hatupwi hewani."

Wakamkalisha kwenye kompyuta, wakampa vipokea sauti. Kobe akafumba macho.

"Dharura. Unahitaji polisi, zimamoto au gari la wagonjwa?"

"Polisi, dada! Polisi. Mteja kanifungia ndani. Nilikuja kupima mapazia..."

"Nakuunganisha na polisi. Usikate."

Ukafuata mlio, halafu mlio mwingine. Kisha sauti ya pili ya kike, laini, tulivu, ya kumfanya mtu atamani kupatwa na shida ili aongee nayo: "Polisi wa dharura, nakusikiliza. Eleza ulipo na kilichotokea." Kwenye neno la mwisho kijiko kikagonga kikombe mahali fulani nyuma yake.

"Afadhali!" fundi akasema, na kila kitu kikanyamaza.

Kobe akafumbua macho. "Mbona imekatika?"

"Haikukatika. Sisi ndio tulitoka," mama akasema. "Mwenzetu kajibu, sisi tunaachia. Kuanzia hapo simu ni ya polisi, na wao wanarekodi ya kwao. Nenda kawasikilize, kila kitu kiko huko."

Kobe akamshukuru kwa mikono miwili. Alipofika garini mwalimu akauliza kabla mlango haujafungwa, "Amesema yuko wapi?"

"Amewaambia polisi. Sasa hivi tunakwenda kuchukua."

Alijutia sentensi ile kabla ya saa sita mchana.

Chumba cha polisi cha kupokea simu za dharura kilikuwa kidogo, chenye joto, feni moja ikizunguka kwa kulalamika. Wapokeaji wanne walikuwa kazini. Sajini wa zamu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, aliitafuta simu ile kwenye skrini, akaipata mara moja, akatabasamu.

"Ipo hii, afande. Imefungwa. 'Amehudumiwa.'"

"Amehudumiwa!" Kobe akaruka. "Gari gani lilikwenda?"

Sajini akashusha macho kwenye skrini, akapanda, akashuka. Tabasamu likaanza kumtoka. "Gari... hakuna gari, afande."

"Sasa amehudumiwa na nini, maombi?"

Wakaicheza. Kobe alijiandaa kwa simu ndefu, kalamu tayari. Akasikia hivi:

"...ndiyo hapo hapo, dada. Nimemaliza, sina zaidi. Namsikia anarudi, nakata. Asante sana, dada yangu. Mungu akubariki."

Kisha sauti ya kiume: "Haloo? Polisi, haloo?" Na laini ikafa.

Basi. Hakukuwa na kingine.

Kobe akairudia mara tatu, na kila mara damu ilimpanda kichwani zaidi. Huyu fundi alikuwa anamalizia maelezo. Alikuwa amemweleza mtu, mwanamke, "dada", kila kitu hadi mwisho. Maelezo yenyewe yako wapi? Simu kamili, kwa mujibu wa kampuni, ilikuwa ndefu. Ukiunganisha kipande cha mama mwenye miwani na kipande hiki, havifikishi hata robo. Mtu ameyafuta, Kobe akajiambia. Mtu wa humu ndani anamjua huyo mteja wa mapazia, na anamlinda.

"Nani hapa ana sauti ya kike laini, inayosema 'nakusikiliza, eleza ulipo'?"

Wapokeaji wakatazamana, mmoja akacheka. "Huyo ni Asali, afande. Kila mtu mjini anamjua kwa simu."

Asali akaitwa kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye usingizi machoni, na alipofungua kinywa sauti ilikuwa ile ile, hakuna ubishi.

"Ulipokea simu ya fundi cherehani aliyefungiwa," Kobe akasema. Hakuuliza.

"Fundi gani tena?"

"Usinizungushe. Nimekusikia kwa masikio yangu. Ulimwambia nini, naye akakwambia nini, na kwa nini umefuta?"

"Ehe! Siku gani hiyo?"

Kobe akamtajia siku. Asali akavuta pumzi, akaweka mkono kiunoni. "Afande, siku hiyo nilikuwa likizo. Nilikuwa wodini na mama yangu, anapasuliwa jicho. Uliza."

Kobe akauliza. Alimpigia muuguzi wa wodi ile papo hapo, mbele ya Asali, akisubiri uso wake uanze kubadilika. Haukubadilika. Muuguzi alimkumbuka vizuri sana. "Yule binti? Mchana kutwa alikuwa hapa. Nilimfokea kwa kupanda kitanda cha mgonjwa na kukoroma. Mgonjwa mwenyewe ndiye alikaa kwenye kiti!"

Kobe akakata simu. Mwanamke alikuwa anakoroma wodini, na sauti yake ilikuwa inapokea simu huku.

Alimpigia mama mwenye miwani, akamwomba amchezee kwa njia ya simu makabidhiano mengine ya polisi ya siku ile ile, yoyote tu. Mama akacheza la kwanza: mwizi wa kuku. "Polisi wa dharura, nakusikiliza. Eleza ulipo na kilichotokea." Kijiko kikagonga kikombe. Akacheza la pili: walevi wanapigana. Sauti ile, pumzi ile, na kwenye neno la mwisho, kijiko. La tatu nalo lilikuwa hivyo hivyo.

Kobe akaweka simu mezani taratibu. Hakuna binadamu anayekoroga chai kila anapofika kwenye neno moja.

"Sajini," akasema, "hii sauti ni ya mashine."

Mikunjo ya shati ya sajini ilibaki imenyooka, lakini mwenyewe alinywea. "Ni salamu tu, afande. Makao makuu wanataka kila simu ijibiwe upesi. Tukichelewa, taa nyekundu inawaka kwenye ubao wao kule, halafu mimi ndiye naitwa. Na tuko wanne! Wanne kwa mji mzima! Tukaona tuweke sauti ipokee, mtu asikate tamaa, mpaka mmoja wetu awe huru."

"Wale wa kituo cha kwanza mliwaambia?"

Sajini akajikuna shingo. "Hatukuwa tumefikia hapo."

"Kwa hiyo wao wanasikia mtu amejibu, wanaachia laini na kuacha kurekodi. Ninyi mnaanza kurekodi lini?"

"Mpokeaji anapobonyeza."

"Na katikati?"

"Katikati mtu anasubiri."

"Anasikia nini anaposubiri? Muziki?"

"Muziki tuliutoa. Watu walilalamika, mtu anaibiwa unampigia muziki." Sajini akanyoosha kola. "Ni kimya tu."

Kimya tu. Kobe akakiona chote kwa mara moja, na angetamani asingekiona. Yule fundi aliambiwa nakusikiliza, eleza. Akaeleza. Kimya kikamsikiliza vizuri, bila kumkatiza, kama anavyosikiliza mtu makini anayeandika. Akataja mtaa, labda rangi ya geti, labda jina la mtu. Akanong'ona yote, kwa mpangilio, kwa sababu alikuwa mtu wa vipimo. Na hakuna mtu wala mashine duniani iliyoyashika maneno yale.

"Mliniambia ni majaribio," Asali akasema. Sauti ile laini ilikuwa imekwaruza. "Mlinirekodi nikiwa nakunywa chai, mkasema ni majaribio tu, tutarekodi nyingine nzuri. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia namsikiliza?" Akakaa chini pale pale, sakafuni, akajifunika uso kwa kanga ya mabegani.

Kobe alikuwa bado hajamfikia mtu mmoja. "Nani aliyesema haloo?"

Mpokeaji wa meza ya mwisho akainua mkono kabla hajatajwa. Chapchap walimwita, kwa sababu alikuwa akipokea simu nyingi kuliko wote. Macho yalikuwa mekundu.

"Sheria yenu inasemaje simu ikikatika?" Kobe akamwuliza.

"Tunampigia aliyekata. Tena hapo hapo."

"Ulimpigia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Amesema nimemaliza, asante, Mungu akubariki. Nikajua amehudumiwa na mwenzangu, laini imenirukia kwa bahati mbaya. Simu kumi zinaita nyuma yake. Nikafunga." Chapchap akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Tangu umeingia hapa najiuliza, afande. Amesema anamsikia anarudi. Ningempigia, simu ingelia mkononi mwake huyo mtu akiwa mlangoni. Sikumpigia, na hakuna aliyekwenda. Niambie wewe, nilitakiwa nifanye lipi?"

Kobe alikuwa amekuja amejaa maneno makali. Miaka yote ya kazi alikuwa amezoea kwamba ukisukuma watu vya kutosha, mwisho unamfikia mwenye kosa, unamshika kola. Hapa kila aliyemsukuma alikuwa amefanya kazi yake. Mama alisubiri asikie sauti. Mashine ilisalimia. Huyu alifunga simu iliyoshukuru. Angemfunga pingu nani, feni?

Akarudi kwenye kipande kile, akakisikiliza tena, safari hii akiyaacha maneno na kutega sikio nyuma yake. Palikuwa na mngurumo. Mdogo, wa kupanda na kushuka. Msumeno wa mashine! Yadi za mbao ziko chache, zinahesabika, askari wangeweza kuzimaliza kabla ya jioni.

"Sikilizeni hapa. Mnausikia msumeno?"

Sajini akasogea, akasikiliza. Chapchap naye. Mwishowe Chapchap akanyoosha kidole juu, kwenye dari. "Feni yetu hiyo, afande. Inaingia kwenye maiki za meza zote. Tumeshaomba ibadilishwe."

Kobe akavua vipokea sauti.

Mlango ulikuwa wazi, na mwalimu alikuwa amesimama hapo. Alikuwa amechoka kukaa garini. Mlinzi wa hapa hakuwa mkali kama yule wa kwanza, au labda alimtazama usoni akaona heri apite.

"Kaka, nataka nimsikie."

"Mwalimu, si kitu cha..."

"Ni mdogo wangu. Nimemlea mimi, mama alipotutoka. Nataka nimsikie."

Wakamchezea. Kobe alisimama nyuma ya kiti chake na kuutazama mgongo wake, kitambaa cha gauni lililoshonwa vizuri, na hakuhitaji kuuliza limeshonwa na nani. "...ndiyo hapo hapo, dada. Nimemaliza, sina zaidi." Mwalimu aliposikia neno dada aliitika. Aliitika kwa sauti, "Abee," kama anayeitwa kutoka chumba cha pili. Sajini akageukia dirishani.

Ilipokwisha, mwalimu akauliza, "Huyo dada aliyekuwa anaongea naye ni nani?"

Kobe ndiye aliyejibu. Alimweleza yote, polepole, kwa mpangilio, bila kumficha kitu: kituo cha kwanza, salamu ya mashine, kimya, simu iliyofungwa. Alitegemea kilio. Alitegemea matusi, na angeyapokea yote kwa niaba ya chumba kizima.

Mwalimu hakulia. Alikuwa anafikiri, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, "kwa nini hakupiga tena. Mdogo wangu ni king'ang'anizi. Akikosa kitufe kimoja anazunguka soko zima. Simu anayo, kaweza kupiga mara moja, kwa nini hakupiga ya pili, ya tatu? Hata mimi hakunipigia. Nilidhani amekwisha kufa." Akageuka akamtazama Kobe. "Kumbe hakuona haja. Yeye anajua mnakuja. Ameizima simu isije ikalia, na amekaa kimya anawasubiri."

"Mwalimu, hatujui kama..."

"Najua mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia, ukipatwa na jambo, mwambie mkubwa, halafu utulie mahali pamoja usubiri." Akasimama, akachukua mkoba wake. "Amesubiri vya kutosha. Twende."

Kobe alifungua kinywa kumwambia kwamba hakuna pa kwenda, na akaona kwamba hawezi, kwamba hana uso wa kulisema hilo mbele ya gauni lile. Akavaa kofia. Akamfuata kwenye ngazi, wakapita uani, mwalimu mbele akitembea kwa haraka kama mtu aliyeshika anwani mkononi. Wakaingia garini. Mwalimu akafunga mkanda, akaweka mkoba magotini, akatazama mbele.

Dereva akawasha gari, akalisogeza mpaka getini. Kushoto barabara ilikwenda maghala, kulia ilikwenda mtoni, na mnara ulihudumia kote kuwili.

"Tunaelekea wapi, afande?" akauliza.

Nyuma yao gari jingine likapiga honi, likitaka kupishwa.